Wifi Mwenye Filimbi

Jumanne, 13 Januari

Muhula umefunguliwa na filimbi imeondoka mkononi mwangu. Mwalimu mkuu, Bwana Mudzengi, aliniita ofisini kabla ya paredi akaniambia, kwa ile sauti yake ya kuomba kura, kwamba mwaka huu riadha itasimamiwa na mwalimu mpya, binti aliyesomea michezo chuoni. "Wewe Mama Gwatidzo utabaki na mavazi na nidhamu. Hapo hakuna wa kukushinda." Nikacheka kama aliyepewa zawadi. Nimeipuliza ile filimbi miaka kumi na moja, nikaitoa shingoni nikaiweka juu ya meza yake.

Jina lake Vongai. Kwa umri wake ningeweza kuwa nilimfundisha darasa la kwanza. Amekuja na begi moja la nguo na begi jingine la raba.

Jumatano, 14 Januari

Nimesoma kanuni zangu mbele ya shule nzima. Hakuna kukimbia kwa sare ya darasani. Nguo za michezo zije kwenye mfuko, zimefuliwa, zina jina. Wasichana wanabadilishia chumba cha darasa la tatu, wavulana kwenye ghala la majembe. Msimamizi anasimama mlangoni akiwapa watoto mgongo hadi wote watoke. Asiyeleta nguo anafagia kiwanja cha mbele na hakimbii.

Nilizitunga mimi, baada ya mwaka ule watoto walipokuwa wakivua popote, vifungo vinapotea, na mmoja akarudi kwao na sketi ya mwenzake. Vongai alisikiliza mpaka mwisho, kisha akapiga makofi. Sikuyapenda yale makofi.

Mchana nilisimama mlangoni kama kawaida. Walikuwa wakichekacheka mle ndani, nikagonga mlango kwa kiganja nikawaambia waharakishe.

Jumamosi, 17 Januari

Mume wangu amenimaliza.

Alimwalika huyo Vongai kula, eti ni mgeni, na nyumba za walimu hazina kuni kavu msimu huu. Sawa. Nikasonga sadza, ule ugali wetu, nikachinja kuku. Hata hatujanawa, mume wangu akamuuliza ni wa ukoo gani.

"Mhofu," akasema.

Mume wangu aliinuka kwenye kiti. Yeye ni Mhofu, baba yake Mhofu, na tangu dada yake aende Uingereza, akawa anatutumia picha za theluji tu, hajapata Mhofu mwingine wa kumwita dada. Akampigia makofi ya heshima, akamwita dada yangu, dada yangu, hadi mbwa akabweka.

Kisha akanigeukia. "Mama Ruvhe, umemsalimia wifi yako?"

"Nilimsalimia jana shuleni."

"Jana ulimsalimia mwalimu."

Basi nikapiga magoti. Kwetu haijalishi mmezaliwa tumbo moja au la. Mwanamke yeyote wa Mhofu ni dada wa mume wangu, shangazi wa binti yangu na wifi yangu, na wifi yuko juu yangu hata kama kazaliwa jana. Nikamshikia beseni anawe. Alinawa polepole, akasema, "Mkeo anapika vizuri, kaka."

Binti yangu Ruvheneko alihama upande wangu wa mkeka akaenda kukaa karibu naye. Wanawake wa Mhofu huitwa Chihera, na nchi nzima inajua ubishi wao. Mume wangu akawa anajichekea: "Chihera wawili nyumba moja, leo nalala nje." Walicheka wote watatu. Wote watatu ni Mhofu. Mimi nimeolewa hapa miaka kumi na minne, na leo ndipo nimeona kwamba ndani ya nyumba hii mgeni ni mimi.

Jumatano, 21 Januari

Mvua. Hakuna michezo. Nilifurahi.

Jumapili, 25 Januari

Nilimwambia Ruvheneko aje nimsuke, akasema mikono yangu inavuta sana. Jioni amerudi kutoka kwa Vongai amesukwa mistari sita, kichwa kinang'aa mafuta. Nimemwambia amependeza. Ilinibidi.

Jumatano, 28 Januari

Ruvheneko hakuleta nguo za michezo. Amesahau, anasema. Mwaka jana huyu mtoto alikuwa wa kwanza mita mia mbili na alilala na ile fulana ya njano ya timu yake. Nikampa fagio kama ninavyompa mtoto wa mtu yeyote. Vongai alitazama kutoka uwanjani, filimbi mdomoni, hakuipuliza.

Jumatano, 4 Februari

Amesahau tena. Nimempa fagio tena. Mwalimu Dhewa wa darasa la saba, ambaye hana dogo, aliniuliza mbele ya watu: "Waziri wa mavazi, mwanao hana mavazi?" Nikamwambia afunge zipu yake kwanza. Alishika suruali haraka. Ilikuwa imefungwa.

Jumapili, 8 Februari

Baada ya kanisa ameenda kwa shangazi yake. Nikamtuma mtoto wa jirani kumwita, nikasema nahitaji ungo. Akarudi mtoto wa jirani na ungo, Ruvheneko akabaki.

Jumatano, 11 Februari

Leo sikungoja aseme amesahau. Wakati wa mapumziko niliingia darasani mwake nikafungua begi lake. Fulana ya njano imo, bukta imo, vyote vimepigwa pasi na kukunjwa vizuri kuliko ninavyokunja mimi. Mchana alipopanga foleni ya wafagiaji, nikamvuta pembeni nikamwonyesha.

"Hizi ni nini?"

Akatazama fagio.

"Nani amekufundisha kunidharau mbele ya shule? Shangazi yako?"

Hapo akainua uso. "Shangazi hajasema chochote kibaya kuhusu wewe, Mama."

Namna alivyolitamka jina hilo, shangazi, kama anayelifunika lisipigwe na jua. Nikamwambia achukue fagio. Alifagia kiwanja chote, hadi nyuma ya tangi la maji ambako hakuna anayefagiaga. Wenzake walipita wakikimbia, na yeye akafuata kila mzunguko wao kwa macho.

Nimejiuliza usiku huu kama huyo binti anamfundisha kukataa kanuni zangu makusudi, ili nionekane sina uwezo hata juu ya mwanangu. Nafikiri ndivyo.

Jumamosi, 14 Februari

Vongai alikuja mchana peke yake, amevaa gauni refu na kilemba. Mume wangu alikuwa kwenye mashine yake ya kusaga. Akasema, "Nimekuja kukutembelea, wifi." Nikamwambia nimeloweka nguo, mvua inakuja. Nikampa maji ya kunywa mlangoni, akanywa amesimama, akashukuru, akaenda.

Mvua haikuja.

Jumatatu, 16 Februari

Mahindi mabichi ya kwanza. Tumechoma. Ruvheneko alichagua hindi zuri akalifunga kwenye gazeti, na sikuuliza ni la nani.

Ijumaa, 20 Februari

Nimeshinda.

Kikao cha walimu. Vongai aliomba neno, akasimama, akasema kwa upole wake ule kwamba angependa kanuni ya kubadilisha nguo itazamwe upya. Siku ya Jumatano watoto waje wamevaa nguo za michezo ndani ya sare, wavue tu sare na kukimbia. Na wasichana wakubwa, la tano hadi la saba, wapewe chumba chao.

Mwalimu mkuu akauliza sababu.

"Ni vizuri zaidi kwa watoto," akasema.

"Vizuri vipi?"

Akatazama meza. "Vizuri tu, mwalimu mkuu."

Nikasimama. Nilikuwa nimengoja nafasi hiyo tangu Januari. Nikasema mtoto aliyevaa bukta chini ya sketi asubuhi ya joto atakuwa ananuka kabla ya hesabu. Nikasema wazazi wataona tunafundisha mbio badala ya masomo. Nikasema kanuni hizi zilikuwepo wakati baadhi ya watu hapa wanajifunza kufunga kamba za viatu, na hakuna mtoto aliyekufa. Dhewa alicheka hadi akakohoa. Wengine wakacheka pia. Nikamuuliza mwenzetu kama kule chuoni walimfundisha kutoa hoja au kuruka kamba tu.

Mikono iliinuliwa. Kanuni zimebaki. Vongai aliinua mkono wake peke yake, akaushusha.

Nilirudi nyumbani nikiimba. Nikapika dagaa kwa karanga, chakula anachokipenda Ruvheneko. Hakula. Alisema tumbo. Bila shaka alishaambiwa matokeo.

Jumatano, 25 Februari

Siku ya kuchagua wakimbiaji wa timu. Ruvheneko na fagio.

Mita mia mbili wasichana walipangwa kwenye mstari, nafasi ya timu ya njano ikiwa wazi. Vongai alishika filimbi hapulizi, anatazama upande wetu. Anangoja. Shule nzima ikageuka kututazama. Nilijua ananingoja mimi. Neno moja tu, nenda kavae, na mtoto angekimbia. Nikapaza sauti: "Mwalimu, endelea, jua linazama." Akapuliza.

Ruvheneko hakulia. Aliendelea kufagia mahali palepale palipokwisha kuwa safi. Jioni alipita mbele yangu kama ninavyopita mimi mbele ya nyumba ya mtu nisiyemjua.

Jumapili, 1 Machi

Naandika mume wangu akiwa amelala. Ameniuliza mara mbili nina nini.

Vongai alikuja leo tena, gauni lilelile refu. Safari hii hakungoja kuambiwa karibu. Aliingia jikoni, akavuta kigoda cha mume wangu akakikalia, akasema, "Leo sikuja kama mwalimu. Nimekuja kama wifi yako. Kaa chini."

Sijaambiwa kaa chini jikoni kwangu tangu mama mkwe afariki. Nilikuwa na mwiko mkononi. Nilitaka kusema mengi, lakini wifi akikwambia hivyo ukiwa umeolewa kwao, magoti yanajua kabla yako. Nikakaa kwenye mkeka.

"Mtoto amevunja ungo," akasema. "Tangu mwezi wa kwanza."

Chungu kilikuwa kinachemka. Nilisikia kinachemka na sikuinuka kukitazama.

"Jumatano ya kwanza ya muhula, kabla hata hayajamfika, wale wadogo wa darasa la nne walimcheka kifua mle chumbani. Wakamwita mama mtu. Mmoja akalitungia wimbo. Wiki iliyofuata ndiyo akaona mwezi. Alinijia Jumapili, siku ile nilipomsuka. Alikuwa anatetemeka. Aliniambia afadhali afagie mpaka Krismasi kuliko kuvua nguo mle tena."

Nikakumbuka kile kicheko, na kiganja changu kwenye mlango. Nilikuwa nimesimama hatua chache tu kutoka kwake, nimempa mgongo, kwa mujibu wa kanuni.

"Mbona hukuniambia?" nikasema. Sauti yangu ilitoka mbaya.

"Nilikuja. Nilivaa vizuri, nikaja kama inavyotakiwa, shangazi ampelekee mama habari wakiwa wamekaa. Ukanipa maji mlangoni. Habari kama hiyo haisemwi mlangoni, wifi."

"Na kwenye kikao?"

"Kwenye kikao ningesema nini? Nimtaje mtoto mbele ya Dhewa?"

Alitazama mikono yake. Ni mikono ya mtoto, kucha fupi, mkono mmoja una chokaa ya uwanjani.

"Yeye mwenyewe kwa nini hakuniambia? Mimi ni mama yake."

"Wewe ulimwambia mama yako?"

Sikumwambia. Nani anamwambia mama? Niliambiwa kila kitu na shangazi yangu, nikafundishwa na shangazi yangu, na mama yangu akaletewa habari baadaye, akawa anajifanya anachambua mboga. Ndivyo kulivyo kwetu na ndivyo ninavyowaambia wazazi wengine. Na huyu wetu shangazi yake yuko kwenye theluji, kwa hiyo kwa muda wote huu nilifikiri, kama nilifikiri, kwamba siku ikifika kutakuwa na mtu. Mtu akapatikana. Mimi nikamfungia njia.

Naandika ukweli kwa sababu hakuna atakayesoma hapa. Baada ya kusikia yote hayo, kabla ya huruma, kabla ya aibu, kitu cha kwanza kilichonipanda kilikuwa wivu. Kwamba mwanangu alipotetemeka, magoti aliyoyakimbilia hayakuwa yangu. Kwamba kuna binti wa juzijuzi anayemjua mwanangu kuliko mimi niliyemzaa kwa siku mbili za uchungu kwenye zahanati isiyo na maji. Nilimtazama Vongai pale kwenye kigoda na nilimchukia kwelikweli, na alikuwa hajanikosea kitu.

Kisha nikampigia makofi, kama inavyotakiwa, nikamwambia asante, wifi. Ni mara ya kwanza nimelisema neno hilo bila mume wangu kunisukuma.

Chungu kiliungua.

Jumatatu, 2 Machi

Nimeenda kwa mwalimu mkuu.

"Ile kanuni," nikasema. "Tufanye alivyosema Mwalimu Vongai."

Akavua miwani. "Si juzijuzi tu ulipoitetea hapa hadi tukakosa chai?"

"Nimebadili mawazo."

"Kwa sababu gani?"

"Asubuhi kuna baridi."

"Baridi, Machi hii?"

"Mwalimu mkuu, nimesema nimebadili."

Ameniangalia sana. Nafikiri ana mabinti, maana hakuuliza tena. Alitangaza kwenye chumba cha walimu saa nne, na Dhewa akajipatia sikukuu yake. Alitembea huku na huku akiniigiza, mkono kiunoni: "Watanuka kabla ya hesabu! Watanuka kabla ya hesabu!" Walimu walicheka hadi machozi. Nilikunywa chai yangu. Vongai alikuwa kwenye kona anasahihisha madaftari, hakucheka wala hakuinua kichwa. Angecheka ningepumua kidogo.

Jumanne, 3 Machi

Nimeshona pazia la chumba cha vitabu, watakapobadilishia wasichana wakubwa, kutoka kwenye shuka la zamani, na mume wangu ameweka komeo kwa ndani. Anauliza la nini. Nimemwambia panya.

Jumatano, 4 Machi

Ruvheneko alikuja na fulana ya njano chini ya sare. Hakunitazama. Alipofika uwanjani alivua sketi juu ya bukta kama mtu anayevua koti, akaiweka kwenye benchi, akaenda.

Msichana aliyechukua nafasi yake ameomba kurudi kwenye kuruka juu, anasema mita mia mbili zinamuumiza mbavu. Sijui kama Vongai aliongea naye. Sitauliza.

Jumatano, 11 Machi

Mazoezi. Vumbi. Mvua imetuacha na mahindi ya mwisho yanajikunja.

Ijumaa, 20 Machi

Siku ya michezo ya timu. Wazazi walijaa hadi kwenye uzio, akina mama na miavuli, akina baba na kelele. Mimi nilikuwa na kazi yangu ya mavazi, nikipita kwenye mistari nikiangalia kamba za viatu na hereni zilizosahaulika masikioni.

Ruvheneko alikuwa wa tatu. Mwaka jana wa kwanza, mwaka huu wa tatu, kwa sababu ya majuma aliyoyapoteza na fagio, na hilo ni langu. Lakini alipovuka mstari wa mwisho alikuwa anacheka kwa mdomo wote. Sijamwona hivyo tangu Krismasi.

Vongai alipiga vigelegele hadi ng'ombe wa jirani wakageuka. Akaanza sifa za ukoo, Chihera hivi, Chihera vile, mume wangu akamdaka na kuzimalizia, wanaume wengine wa Mhofu wakaingia, na Ruvheneko akaenda moja kwa moja katikati yao. Nilipiga vigelegele pia. Vyangu vilitoka vifupi. Nilibaki kando ya benchi nimeshika sketi yake na viatu vyake vya shule, sina neno hata moja katika sifa zile, kwa sababu si za ukoo wangu.

Baadaye alinijia, akanywa maji kwenye chupa yangu bila kuomba, akanirudishia. "Umeona, Mama?"

"Nimeona."

Akaenda tena kwao.

Alhamisi, 26 Machi

Dhewa kaumwa na nyuki kwenye sikio. Mungu yupo.

Jumapili, 29 Machi

Tumevuna karanga. Nilikuwa nazichambua peke yangu nyuma ya nyumba, mume wangu kaenda kuangalia mashine. Ruvheneko alikuja akasimama. Nikafikiri anataka ruhusa ya kwenda kwa shangazi yake na nilikuwa nimeshaitayarisha sura yangu.

"Mama, shangazi anasema kuna mambo nikuulize wewe."

"Mambo gani?"

Akachuna ganda la karanga, akalitupa. "Wewe ulivyovunja ungo. Uliogopa?"

Si swali la kumuuliza mama. Mama yangu angesimama akaenda kutafuta kuni. Hata mimi nilitazama kama kuna kuni.

"Nilidhani nimekanyaga kitu kikanipasua kwa ndani," nikasema. "Nikaingia mtoni na nguo zangu zote, nikakaa humo hadi meno yakagongana. Kaka zangu walinitoa wakidhani nimeingiwa na pepo."

Alicheka. Kisha akaacha kucheka. "Hata wewe?"

"Hata mimi. Waliniletea mchungaji."

Akacheka tena, akashika tumbo, akauliza mchungaji alisema nini, nikamwambia, na alicheka hadi karanga zikamwagika.

Najua ametumwa. Najua kwamba yule binti mwenye filimbi alikaa akafikiri, akaona mimi nahitaji kupewa kitu, akanipa mwanangu kwa jioni moja. Asingesema nenda, mtoto asingekuja. Inaniuma hiyo, na itaniuma kesho pia nitakapomwona kwenye paredi.

Nilisogea kwenye mkeka, nikampa nafasi, akakaa.